Mama Robi, Aliyezitoza Kengele Faini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Jenoveva Magige atakabidhi funguo za chumba cha mitambo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kiwanda chetu cha minofu ya samaki hapa Musoma. Wengi tunamwita Mama Robi. Wachache wenye vinyongo wanamwita Hakimu, na kabla ya kumwita hivyo wanaangalia kwanza nyuma. Kamati ya jarida imenipa mimi, Danford Mseti wa chumba cha baridi, kazi ya kuandika wasifu wake. Sijui kama kamati ilikumbuka kwamba katika watu wote waliowahi kuhukumiwa na mama huyu, mimi nashika nafasi ya pili. Anayeshika ya kwanza ni meneja wa uzalishaji, naye alisema ana kazi nyingi.

Mama Robi ni mzaliwa wa Butiama, nyumba ya wafugaji, na hilo mlishike maana ndilo lililotuponza wote. Alisomea umeme wa viwandani chuoni Mwanza, akaajiriwa hapa akiwa fundi mwanamke peke yake. Siku ya kwanza alipewa ovaroli lililoshonwa kwa kipimo cha mwanaume mwenye kitambi. Hakulalamika. Alilipeleka kwa fundi cherehani, likarudi limebana kiunoni na limeongezwa mifuko minne, na haukupita mwezi mafundi wote walikuwa wanamwuliza fundi huyo yuko mtaa gani. Kuhusu unyenyekevu, tusidanganyane kwenye sherehe. Mama Robi anajua kazi yake na anajua kwamba anaijua. Anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kigango chao kule Buhare, na ukimsifu kwamba ameimba vizuri atakujibu kwamba ameshaambiwa.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili, chumba cha mitambo ndiyo roho ya kiwanda. Sangara anaingia kutoka ziwani, anachunwa, anagandishwa, na ubaridi wote huo unatoka kwenye kompresa na mabomba ya gesi ya amonia. Gesi hiyo inapoza vizuri sana, lakini ikitoka nje ya bomba kwa wingi inaziba pumzi na inaweza kuua. Kwa hiyo kila kona pana kipimo, na kila kipimo kina kengele yake inayolia pale chumbani, na kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila mlio: kengele gani, saa ngapi, nani aliinyamazisha.

Neno la kushika hapo ni kunyamazisha. Enzi zile kengele zilikuwa zinalia kutwa kucha. Maji yamepungua kidogo, inalia. Maji yamejaa, inalia. Kengele ya betri ya pampu ya zimamoto ilikuwa inalia tangu siku ilipofungwa, na kuna watu wameanza kazi, wameoa na wamezaa watoto bila kuwahi kuisikia ikinyamaza. Mashimba, mwendesha mitambo wa zamu ya usiku, alikuwa ameshatengeneza kidole maalumu cha kubonyeza kitufe cha kunyamazisha. Rangi ya kitufe ilikwisha, akakifunika kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisimuumize. Mkewe alitueleza kwamba hata nyumbani mtoto akilia usiku, baba anabonyeza ukuta.

Tukaishi hivyo kwa amani mpaka wiki moja chumba kizima cha minofu kilipopanda joto. Kengele yake ililia kama inavyotakiwa. Ililia katikati ya wenzake, Mashimba akabonyeza, mwenzake wa asubuhi akabonyeza, na tulipofungua mlango mzigo wote ulikuwa wa kwenda kuzikwa. Mimi ndiye niliyefungua. Inzi walinisindikiza hadi getini.

Uongozi ulifanya ulichozoea kufanya, yaani uliagiza kengele nyingine. Mama Robi yeye aliomba achapishiwe kumbukumbu za kengele za mwezi mzima. Mashine ya kuchapa ilitema karatasi mpaka ikaomba kupumzika. Akazibeba zote kwa mikono miwili, akapanda gari la Butiama kwenda kuwasalimia wazazi, na huko, alivyotusimulia, akakaa na baba yake mzee akamwonyesha. Mzee hakusoma hata ukurasa mmoja. Aliuliza tu kama vitu vyote hivyo vinalia ng'ombe wakiwa wameibiwa au wakiwa wamo zizini.

Hapo ndipo Butiama ilipoingia kiwandani. Kule kwao mtu akiibiwa ng'ombe anapiga yowe, na yowe likipigwa kila mwenye miguu anatoka. Aliyelisikia akabaki ndani anatozwa faini. Na aliyepiga yowe wakati ng'ombe wake wamo zizini wanacheua, huyo naye anatozwa, tena kwa hasira zaidi, kwa sababu siku nyingine watu hawatatoka. "Huko tulikuwaga hatuchezi na yowe," alituambia aliporudi. Alikuwa amefika na sheria yake mkononi, ikiwa imeandikwa, na bahati mbaya mkurugenzi alikuwa na haraka ya safari akaipitisha.

Sheria ilisema hivi. Kila kengele itakuwa na mwenyewe, mtu mwenye jina, ambaye ndiye aliyetaka iwepo. Kila Alhamisi asubuhi kumbukumbu za wiki zitasomwa hadharani kwenye bwalo la chakula, na kengele zilizopiga kelele kuliko nyingine zitaitwa barazani pamoja na wenyewe. Zitaulizwa zililia kwa nini, nani alitoka, na alipotoka alifanya nini. Ikibainika hakuna aliyetoka, aliyekuwa zamu ana kosa. Ikibainika alitoka akakuta hakuna la kufanya, basi hiyo si kengele, ni mmbea, na mwenye mmbea wake ana kosa. Ataiondoa au ataitengeneza. Faini ilikuwa moja kwa wote: kuvaa aproni ya waridi yenye maua, iliyobaki kwenye kicheni pati ya binti yake Robi, na kuwahudumia chai na maandazi akina mama wa usafi mpaka wote watosheke. Akina mama wa usafi walikuwa hawatosheki upesi.

Nawaambia, hakuna burudani iliyopata kuletwa kiwandani ikalingana na ile. Meneja wetu wa uzalishaji, Bwana Nicolaus, alikuwa na tabia ya kuagiza kengele mpya kila kitu kinapoharibika, kwa hiyo alijikuta ni baba wa ukoo mkubwa. Alihudumu mfululizo mpaka tukazoea. Mwanzoni alimimina chai kama mtu anayetia saini kwa kulazimishwa. Baadaye akawa anajua nani hanywi sukari na nani anapenda andazi la pembeni. Alhamisi moja alipokosa kesi alikuja hivyo hivyo, akakaa pembeni, na nilimwona anamwonyesha mrithi wake, aliyehukumiwa wiki hiyo, namna ya kushika birika.

Kesi yangu mimi ilikuwa ya mlango wa chumba cha baridi. Kengele yake ililia kila mlango ulipoachwa wazi, na madereva wa foko, vile vigari vya kuinulia mizigo, waliuacha wazi kila walipopita. Nilijitetea kwamba kengele inasema kweli. Mama Robi alikubali kwamba inasema kweli, akaniuliza nilifanya nini juu ya ukweli huo. Nikavaa aproni. Nikarudia wiki iliyofuata na nyingine tena, mpaka nilipofunga springi nzito inayorudisha mlango wenyewe, kazi ya nusu saa ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa miaka mitano. Springi hiyo bado ipo, na imeshambandua dereva mmoja kofia.

Ndani ya mwaka mmoja chumba cha mitambo kilitulia hadi kikatisha. Mashimba alilalamika kwamba ukimya unamnyima usingizi, kauli ambayo angeifikiria kidogo kabla ya kuitoa mbele ya Hakimu. Kengele zilizobaki zilikuwa chache, na moja ikilia watu waliacha vijiko hewani wakanyanyuka. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya Mama Robi katika utumishi wake. Ila sifa hiyo karibu imfie mikononi miaka minne iliyopita, na ni juu ya hilo nilitaka kuandika tangu mwanzo.

Nyuma ya meza za minofu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna kijichumba cha mabomba ya amonia. Upande wa mezani wanasimama akina mama na mabinti wa kuchuna samaki, wamebanana bega kwa bega. Upande wa mabomba anaingia mtu mmoja, fundi Lameck, mtu wa zamu ya asubuhi, mpole, wa siku nyingi. Pale mezani, mgongo karibu na ukuta kabisa, alikuwa anasimama Lucy, binti yake Lameck, aliyekuwa ameanza kazi mwaka ule.

Kwenye kijichumba hicho Mama Robi mwenyewe alikuwa ametaka kiwekwe kipimo cha gesi. Kengele yake ilikuwa mali yake, kwa jina na kwa saini. Nayo ikaanza kulia asubuhi asubuhi. Kila ilipolia Lameck alitoka mbio kama sheria inavyotaka, akaingia, akanusa, akarudi na jibu moja: hakuna harufu. Baada ya dakika chache inanyamaza yenyewe. Wiki mbili mfululizo ikawa inaongoza kwenye kumbukumbu, na Alhamisi ya pili ikaitwa barazani pamoja na mwenyewe.

Bwalo lilijaa mpaka madirishani. Walikuja hata watu wa zamu ya usiku ambao walitakiwa wawe wamelala. Bwana Nicolaus aliomba kusoma mashtaka yeye mwenyewe, akavaa miwani ambayo hatujawahi kuiona. Kengele ililia kwa nini? Gesi. Nani alitoka? Lameck. Alikuta nini? Hakuna. Mama Robi alivaa aproni bila kulumbana, akamimina chai, na akina mama wa usafi siku hiyo walikunywa hadi tukaingiwa na wasiwasi juu yao.

Lakini sheria ilikuwa na sehemu ya pili, ile ya kuiondoa kengele au kuipandishia kiwango ili isilie ovyo, na hapo Mama Robi akagoma. Alisema kipimo ni kizima, amekipima mara mbili. Tukaguna. Kila mmoja wetu alikuwa na kengele yake iliyoondolewa kwa sheria hiyo hiyo, na kila mmoja aliwahi kuapa kwamba yake ni nzima. Bwana Nicolaus akasema, na hakukosea, kwamba ikiwa ya Hakimu inabaki basi na zake zirudi zote. Mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa. Akapewa wiki moja: akileta sababu, kengele inabaki, asipoleta, ama anaizima ama baraza linavunjwa na tunarudi kwenye mpira wa baiskeli.

Jioni hiyo nilimwona anaelekea kituoni bila kuimba. Mtu asiyemjua asingeona kitu, lakini sisi tuliozoea kumsikia akishusha zaburi kutoka getini hadi barabarani tuliona. Ilikuwa inamuuma. Akiizima kengele na ikawa ni kweli, kuna watu nyuma ya ule ukuta. Akiiacha bila sababu, kazi ya miaka yote inakufa, na siku kengele nyingine yoyote ikilia hatatoka mtu.

Akarudi kwenye kumbukumbu zake. Akaweka milio ya kengele ya gesi sambamba na kila kilichofanyika kiwandani, na jambo la kwanza likajitokeza: kila mara ilikuwa inalia muda mfupi baada ya kuanza kuyeyusha barafu kwenye mabomba, pale presha inapopanda. Presha ikishuka, nayo inanyamaza. La pili lilimchukua siku nzima, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho. Kila aliyetumwa kunusa alikuwa mtu yule yule.

Hakumwuliza Lameck. Alichofanya ni kitu ambacho mimi nisingekifikiria na nashukuru hakunifanyia mimi. Alichukua dagaa waliooza siku tatu, akawaweka kwenye hotpoti safi, akamkaribisha Lameck chakula cha mchana chini ya ngazi. Lameck akafungua kifuniko, akashukuru, akauliza kijiko kiko wapi. Mama Robi akamnyang'anya hotpoti kabla hajaumia.

Lameck amenipa ruhusa ya kuandika hili. Kusema kweli ndiye aliyelitaka. Pua yake ilikuwa imekufa tangu alipougua mafua makali miaka miwili kabla. Hakumwambia mtu. Aliogopa ataondolewa kwenye amonia, na fundi wa amonia asiye na amonia aende wapi? Kila kengele ilipolia alikuwa anaingia, anavuta pumzi kwa nguvu zote, anasubiri pua irudi. "Nilikuwaga naomba Mungu ninuse," aliniambia. Haikurudi, naye akajiaminisha kwamba kutosikia harufu ni sawa na kutokuwepo kwa harufu.

Ilibaki kupata pua. Hili ni jambo gumu kuliko mnavyodhani, maana kiwanda cha samaki hakina pua. Sisi sote tumezoea. Mwanangu huniambia nimefika kabla sijapiga hodi, mimi nikijiona ninanukia sabuni. Mama Robi akatoka hadi getini, akamkodi Gati, dada anayetuuzia chapati, ambaye katika miaka yake yote pale hajawahi kuvuka geti kwa sababu alisema hawezi kuvumilia. Akamvisha koti jeupe na buti, akamning'inizia barakoa ya gesi shingoni, akamsimamisha nje ya mlango wa kijichumba asubuhi ya kuyeyusha barafu, mkono amemshika. Gati alianza kwa kulalamikia samaki, akalalamikia buti, akatulalamikia sisi mmoja mmoja. Presha ikapanda. Mama Robi akafungua mlango upana wa kiganja. Gati akakatiza sentensi, machozi yakamtoka, akasema kuna kitu kinamchoma ndani ya kichwa, kisha akakimbia na buti za kiwanda hadi barabarani.

Mitambo ilizimwa, wachuna samaki wote wakatolewa nje. Lameck aliomba yeye ndiye aingie, amevaa barakoa, na bomba likiwa limeshatolewa gesi akachana gamba la kuzuia joto lililolifunika. Chini yake palikuwa na kutu tupu. Aligusa kwa kidole, kidole kikaingia. Alikaa chini pale pale kwenye maji, akauangalia ukuta kwa muda mrefu. Nilikuwa mlangoni.

Alhamisi iliyofuata hakuna aliyejua baraza litakuwaje. Minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba Lameck aliwadanganya watu, na Bwana Nicolaus, ambaye ni mtu mwema akishatulia lakini siku hiyo alikuwa hajatulia, aliuliza hadharani nani atawajibika. Lameck akaanza kusimama. Mama Robi akamwahi. Alisema Lameck alisikia yowe na alitoka kila mara, kwa hiyo kwa sheria ya yowe hana kosa. Kisha akasoma utaratibu ulioandikwa: kengele ya gesi ikilia, fundi aende akanuse. Akauliza ni nani aliyeandika kwamba kipimo cha mashine kihakikiwe na pua ya binadamu. Akasema ni yeye, saini hiyo hapo, na kosa la kuficha ugonjwa linazaliwa pale mtu anapojua akisema atafukuzwa, na hilo nalo hakulifikiria. Akajivika aproni, akashika birika. Mtu wa kwanza kumiminiwa chai siku hiyo hakuwa mama wa usafi, alikuwa Lameck.

Lameck yupo hadi leo, na yupo kwenye amonia. Anaingia na kipimo cha mkononi kinachoonyesha namba, hanusi tena chochote, na mafundi wote sasa hupimwa afya kila mwaka bila mtu kupoteza nafasi yake. Gati alirudisha buti baada ya mwezi. Anadai tulimwajiri kama pua na kwamba bado anatudai sare.

Mama Robi anakwenda kuishi Butiama, ambako mumewe, Mzee Samweli, ameshatangulia kujenga zizi. Atapitia kwanza Nyasura, Bunda, kumwona Robi na wajukuu, na tunamwonya Robi mapema asimwonyeshe mama yake simu yenye milio mingi. Baraza la Alhamisi litaendelea. Mwenyekiti mpya ni Bwana Nicolaus, aliyechaguliwa kwa kura zote, kwa kigezo cha uzoefu.

Dada Jenoveva, sisi watu wa kiwanda hatujui kushukuru bila kuchokoza kwanza, na nimechokoza kurasa mbili. Basi na mimi niseme moja kwa moja. Ulipovaa aproni ile mara ya pili ulituonyesha kitu ambacho hakimo kwenye kumbukumbu zozote, na mimi niliyepiga kelele kengele yako izimwe nililala macho wiki nzima. Kaa salama kwenu, ng'ombe wazae, sauti ya kwanza isikauke. Uwe na uzee wa raha.

Asubuhi ya tarehe mosi Julai, utakapokuwa njiani kwenda Bunda, Lucy atakuwa zamu, amesimama pale pale mezani anachuna. Baba yake atakuwa nyuma ya ukuta. Jioni watarudi nyumbani pamoja.